Alama za Kalamu Kwenye Mkono

Mtaalamu wa viungo alinishika mkono wa kulia, akaulaza juu ya mto, akaanza kuugonga kwa ncha ya kidole kama fundi anayetafuta pa kupigilia msumari. Alianzia chini, kwenye kifundo, akapanda taratibu. Kimya. Akafika kiwiko. Kimya. Alipovuka kiwiko kwa upana wa vidole vitatu hivi, shoti ikachomoka pale pale alipogonga, ikateremka mbio hadi nyuma ya kidole gumba.

"Hapo!"

Akachukua kalamu ya wino, akaweka nukta. Juu ya nukta ile kulikuwa na nyingine, ya wiki nne nyuma, ambayo nilikuwa naikoleza kila nikitoka kuoga ili isifutike. Akaweka rula kati yao.

"Sentimita tatu kasoro. Inatembea."

Nilifurahi mpaka nikajisahau. Nikamwambia, basi dada, zile dawa zinafanya kazi.

Alifunga kalamu kwanza. "Kaka, hiyo ndiyo kasi ya neva iliyo hai. Ingetembea hivyo hivyo hata usingemeza kitu."

Hakusema kwa ukali. Akaendelea na kazi yake, akanikunja vidole, akanikunjua, akaniuliza habari za usingizi. Mimi nilibaki palepale kwenye lile neno. Nimekaa nalo wiki tano sasa, na kila asubuhi nilipofungua mfuko wangu wa dawa lilikuwa linanisubiri ndani.

Kama usingemeza kitu.

Mfuko wenye vitu vitatu

Nilivunjika mfupa wa juu wa mkono, katikati. Kwa bahati mbaya hapo ndipo neva, ule mshipa wa fahamu unaoinua kiganja, inapouzunguka mfupa, imeulalia kabisa, na mfupa ukivunjika neva nayo huweza kuumia. Kati ya watu kumi wanaovunjika sehemu ile, karibu mmoja huondoka na kiganja kilicholegea. Mimi ndiye niliyekuwa huyo mmoja. Ngumi niliweza kukunja, dhaifu. Kuinua kiganja au kunyoosha vidole, hapana. Mkono ulining'inia kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Katika mfuko kulikuwa na vidonge vya vitamini B, vile vyenye B1, B6 na B12 pamoja. Kulikuwa na pregabalini ya usiku. Na kulikuwa na kopo la kirutubisho kiitwacho asidi ya alfa-lipoiki ambalo mfanyakazi mwenzangu aliniletea kwa moyo mweupe, akisema shangazi yake lilimsaidia.

Mimi vyote niliviita jina moja: dawa za neva.

Jina hilo moja ndilo lililonipoteza. Pregabalini, kwa mfano, haijawahi kudai kuotesha neva. Kazi yake ni kupunguza kelele. Neva iliyojeruhiwa hupiga makelele hovyo, na ubongo huyasikia kama moto, kama sindano, kama siafu wanaotembea chini ya ngozi. Dawa ile hushika milango fulani ya kalisi kwenye neva, na kelele inashuka. Gabapentini ni ndugu yake wa karibu. Amitriptilini na duloksetini nazo hutuliza maumivu ya aina hiyo, kwa njia nyingine. Nilipoanza kuitumia nililala usiku mzima kwa mara ya kwanza tangu nivunjike, na sina neno baya juu yake, ukiacha kizunguzungu cha asubuhi.

Lakini kutuliza mtoto anayelia si kumlisha. Nilikuwa nimelala vizuri, nikaamka nikidhani ninapona kwa sababu ya kile kilichonilaza.

Uzi unaorudi

Mwaka 1850 daktari Mwingereza aitwaye Augustus Waller alikata neva za ulimi wa chura, akaziangalia siku baada ya siku. Aliona kwamba sehemu iliyo mbele ya mkato, ile iliyotengwa na mwili wa seli, hunyauka yote, mpaka mwisho wake. Neva haiungi pale ilipokatika kama waya unavyoungwa. Upande wa mbele hufa kwanza, kisha uzi mpya huota kutoka upande ulio hai, na huanza safari upya.

Kilichonigusa ni kazi inayofanyika katikati. Seli za Schwann, zilizokuwa zimeufunika uzi wa zamani, hubadili kazi. Huacha kuwa ganda, huwa wafagiaji na wajenzi. Hula mabaki, huita seli nyingine zije kusaidia kusafisha, kisha hujipanga mstari ndani ya bomba lililobaki tupu na kutoa kemikali zinazouita uzi mpya uje huku. Uzi unapapasa. Unasogea kama milimita moja kwa siku.

Milimita moja. Hiyo ndiyo sentimita tatu kasoro za mwezi wangu.

Kule kugongwa mkono nako kuna historia yake. Mwaka 1915 Jules Tinel, Mfaransa, na Paul Hoffmann, Mjerumani, kila mmoja aliandika kivyake kwamba ukigonga juu ya ncha ya neva inayoota mgonjwa husikia mnyeo. Nchi zao zilikuwa vitani, na wote wawili walikuwa wakitazama majeruhi wa vita ileile. Zaidi ya miaka mia moja imepita, na mtu yeyote mwenye kidole bado anaweza kufanya kipimo hicho.

Sasa ndipo penye ubaya. Uzi una kasi yake, na kule mwisho wa safari kuna msuli unaosubiri, na msuli hausubiri milele. Ukikaa bila neva kwa mwaka mmoja, mwaka na nusu, zile sehemu za kupokea amri hupotea, nyama hugeuka mafuta na makovu, na neva ikifika hukuta nyumba haina mlango. Seli za Schwann nazo huchoka. Zinaita kwa nguvu miezi ya mwanzo, baadaye sauti inafifia. Hisia za ngozi zina uvumilivu zaidi, zinaweza kurudi hata baada ya kuchelewa sana. Msuli hauna uvumilivu huo.

Kwa hiyo hesabu ni ya masafa na muda. Aliyeumia karibu na msuli ana nafasi nzuri. Aliyeumia neva shingoni, ambaye uzi wake unapaswa kutembea hadi vidoleni, anadaiwa miaka miwili na zaidi, na misuli ya kiganja haina miaka miwili ya kumpa.

Ukiielewa hesabu hiyo, unaelewa kwa nini watu wanatafuta dawa. Hakuna anayehitaji muujiza. Milimita mbili kwa siku badala ya moja zingebadilisha maisha ya watu wengi.

Panya anapona haraka mno

Basi nikaanza kusoma, mkono wa kushoto ukigeuza kurasa. Nilitaka jibu fupi: kuna dawa au hakuna?

Jibu fupi nililipata siku ya kwanza. Hakuna dawa iliyoidhinishwa kwa ajili ya kuotesha neva iliyoumia kwa ajali. Ningeweza kuishia hapo, lakini jibu refu lilinivuta.

Takrolimasi, kwa mfano. Ilipatikana mwaka 1984 kutoka kwa bakteria waliokuwa kwenye udongo wa eneo la mlima Tsukuba, Japani. Ni dawa ya kuzuia mwili usikikatae kiungo kilichopandikizwa. Katika miaka ya 1990 watafiti walimpa panya aliyebanwa neva ya mguu, na neva ikaota haraka kuliko kawaida. Halafu wakaja watu waliopandikizwa mikono, kuanzia yule wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1998. Walikuwa wakinywa takrolimasi ili mkono usikataliwe, na madaktari waliona hisia zikirudi mapema kuliko walivyotarajia.

Nilipofika hapo nilisimama. Moyo ulinidunda. Mbona mimi sipewi?

Kwa sababu dawa hiyo huzima kinga ya mwili. Inaweza kuharibu figo, kuleta kisukari, kuacha mlango wazi kwa maambukizi, na kutetemesha mikono, jambo ambalo kwangu lingekuwa kichekesho. Mtu aliyepandikizwa mkono ameshakubali gharama hiyo kwa sababu bila dawa mkono wenyewe utaoza. Mtu ambaye kiganja chake kimelegea na huenda kikarudi chenyewe, nani atamwambia aweke figo rehani? Watafiti wanatafuta njia ya kuiweka dawa palepale kwenye neva kwa kiasi kidogo, isizunguke mwilini. Wanatafuta pia dawa za jamii ileile zinazoukuza uzi bila kugusa kinga, maana inaonekana kazi hizo mbili zinapitia milango tofauti. Hizo bado ziko maabara.

Kuna habari ya kemikali inayokuza neva, aliyoigundua Rita Levi-Montalcini katika miaka ya 1950 na kuifanyia kazi na Stanley Cohen, hadi wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986. Ukisoma jina lake tu unasema: si hii hapa? Ikatengenezwa kama dawa, ikapewa wagonjwa wa kisukari walioharibika neva za miguu. Majaribio ya awali yakaleta matumaini. Jaribio kubwa la watu 1,019, lililochapishwa mwaka 2000, halikuonyesha faida. Zaidi ya hapo sindano zenyewe ziliuma, kwa sababu kemikali ileile inayoitunza neva ya maumivu pia huiamsha. Baadaye kampuni za dawa zikageuza gari kabisa, zikatengeneza dawa za kuizuia kemikali hiyo ili kupunguza maumivu ya viungo, na hizo nazo zikakwama kwa sababu baadhi ya wagonjwa viungo vyao viliharibika haraka.

Ninayoipenda kuliko zote ni aminopiridini. Imewahi kutumika kama sumu ya kufukuza ndege mashambani. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha aina yake inayoyeyuka polepole iwasaidie kutembea wagonjwa wa ugonjwa unaomomonyoa ganda la neva za ubongo na uti wa mgongo. Huziba milango ya potasiamu, na ujumbe unaovuja njiani unafika. Halafu ikajaribiwa kwa panya waliobanwa neva, nao wakatembea vizuri mapema zaidi. Sasa inajaribiwa kwa binadamu, na kuna wazo moja zuri ndani yake: ikiwa neva haijakatika kabisa, dozi moja inaweza kuamsha dalili kidogo ya uhai, na daktari akajua mapema kama asubiri au apasue. Ikizidi huleta degedege. Sumu ya ndege ni sumu ya ndege.

Nilisoma habari za panya hadi nikawaonea wivu.

Na huo wivu ndio ulionifumbua macho. Mguu wa panya ni mfupi. Neva yake huota haraka kuliko yetu, na ikibanwa tu bila kukatwa hupona yenyewe ndani ya wiki chache, karibu yote. Dawa hupewa siku hiyohiyo, saa hiyohiyo, na mtu aliyemuumiza makusudi na kwa kipimo. Panya hafiki hospitali baada ya miezi minne. Panya havuti sigara, hana kisukari, hana umri wa miaka hamsini na tano. Ukimpa dawa akapona siku kumi badala ya kumi na nne, hiyo ni habari njema ya kweli, lakini siku nne hizo ukizinyoosha hadi urefu wa mkono wa mtu hujui tena maana yake ni nini.

Kinachotia uchungu ni kwamba jambo ambalo watafiti wengi wanaliona limekaribia kufika kwa binadamu halimezwi. Ni umeme. Daktari akishamaliza kuachia au kushona neva, anaweka waya, anapitisha umeme mdogo wa mipigo 20 kwa sekunde kwa muda wa saa moja. Saa moja, basi. Wagonjwa waliofunguliwa neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, katika utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2010, walirudishiwa neva za misuli ya kidole gumba vizuri kuliko wenzao wasiopitishiwa umeme. Saa moja hiyo haiongezi mwendo wa uzi. Inauhimiza utoke nyumbani mapema, maana kumbe nyuzi nyingi huchelewa pale kwenye kizingiti cha mkato wiki kadhaa, zikitangatanga.

Mahali ambapo kidonge kilishinda

Msomaji asifikiri nimekuja kubeza vidonge. Kuna neva ambayo dawa huiokoa, na ushahidi wake ni mzito: neva ya uso.

Mtu anaamka asubuhi, mdomo umeenda upande, jicho halifumbi. Watu husema upepo mbaya, au kiharusi. Mara nyingi ni neva ya uso iliyovimba ndani ya njia nyembamba ya mfupa nyuma ya sikio. Huko Scotland watu 551 wa namna hiyo walipangwa kwa bahati nasibu, na matokeo yakatoka mwaka 2007. Kati ya waliopewa prednisoloni ndani ya saa 72, asilimia 94 walikuwa wamepona baada ya miezi tisa. Ambao hawakuipata, asilimia 82. Dawa ya kuua virusi iliyojaribiwa sambamba haikuongeza kitu.

Saa 72.

Prednisoloni haikuotesha uzi hata mmoja. Ilishusha uvimbe kabla neva haijanyongwa ikafa. Ndivyo inavyotumika pia kwa wagonjwa wa ukoma ambao neva zao zimeshikwa na moto wa kinga yao wenyewe: ukiwahi, unaokoa kiganja na mguu, ukichelewa, unazima moto kwenye nyumba iliyokwisha ungua.

Neva yangu haikuwa imevimba ndani ya bomba. Ilikuwa imevutwa na kugongwa na mfupa, kwa sekunde moja. Hapakuwa na moto wa kuzima.

Vitamini yenye makali mawili

Nilikuwa nimebakiwa na tumaini la mwisho, zile vitamini. Hata jina lake ni la upole.

B12 ina heshima yake. Mtu aliyepungukiwa nayo neva zake huharibika kweli, na akipewa hupata nafuu. Wazee, watu wasiokula vitu vitokavyo kwa wanyama, wanaotumia metfomini, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi, wote hao wanastahili kupimwa. Panya (tena panya!) waliopewa dozi kubwa mno za aina moja ya B12 waliota neva vizuri. Mimi nilipimwa damu. B12 yangu ilikuwa ya kutosha. Nilikuwa namimina maji kwenye mtungi uliojaa.

B6 ndiyo iliyonitoa jasho. Ukipungukiwa nayo unapata ganzi, na ndiyo maana mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia isoniazidi hupewa B6, kwa kuwa dawa ile huimaliza mwilini. Lakini ukizidisha unapata ganzi vilevile. Mwaka 1983 madaktari waliandika habari za watu wazima saba waliokuwa wakimeza gramu 2 hadi 6 kwa siku, wakaanza kuyumba na kupoteza hisia za miguu na mikono. Walipoacha walianza kupata nafuu. Hizo ni dozi kubwa mno, nikajifariji. Nikasoma mbele: mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha juu cha B6 kwa mtu mzima hadi miligramu 12 kwa siku.

Nikaenda kusoma kibandiko. Miligramu 200 kila kidonge. Viwili kwa siku.

Kwa juma zima nilikuwa mtu wa kujipapasa vidole vya miguu gizani, nikijiuliza kama nazisikia shuka. Nilizisikia. Sikupata dhara lolote ninalolijua. Ila fikiria jinsi ningechanganyikiwa kama ningepata: mtu anayemeza dawa ya ganzi, anapata ganzi, anaongeza dawa.

Na kwenye kundi hilihili la virutubisho kuna kisa kingine ambacho wauzaji hawakitaji. Asetili-kanitini, inayouzwa sana kwa jina la kulinda neva, ilijaribiwa kwa wanawake wenye saratani ya matiti ili dawa za saratani zisiwaharibie neva. Matokeo ya mwaka 2013 yalionyesha kwamba walioimeza walikuwa na hali mbaya zaidi ya neva kuliko waliomeza kidonge kitupu.

Kopo la mwenzangu nililirudisha kabatini. Sijamwambia. Nikikutana naye namwambia mkono unaendelea vizuri, naye anatabasamu, na sidhani nina haki ya kumnyang'anya tabasamu hilo.

"Ungerudi?"

Nilimuuliza daktari. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, nimepanga na maneno.

"Ulijua kwamba vitamini hizi hazitaharakisha neva yangu?"

"Nilijua ushahidi wake ni mdogo."

"Sasa kwa nini uliniandikia?"

Alivua miwani. "Ningekuambia nenda nyumbani, vaa banzi, fanya mazoezi, urudi baada ya wiki sita, halafu nikupe karatasi tupu. Ungerudi?"

Nilitaka kusema ndiyo.

Ukweli ni kwamba nisingerudi. Ningetafuta mwingine mwenye kalamu nyepesi, ningeondoka na mfuko mkubwa zaidi. Nimelifikiria sana jibu lake na bado sijui nilipe jina gani. Kuna siku naliona ni huruma: alinifunga kamba nisipotee. Kuna siku naliona ni dharau: alidhani sistahili kuambiwa. Mara nyingi nadhani yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na kwamba mimi nilishiriki kuuandika ule mchezo, maana niliingia chumbani kwake nikiwa nimenyoosha mkono mzima kupokea.

Alichokifanya vizuri, na nilikuwa sijakiona kwa sababu ya mfuko, ni ratiba. Baada ya wiki tatu hadi nne alitaka kipimo cha umeme cha misuli, kwa kuwa kabla ya hapo kipimo kile kinaweza kudanganya. Alitaka nigongwe mkono na kuwekewa alama kila mwezi. Alisema mapema: kwa kuwa mfupa haukutoboa ngozi, nafasi ya neva kurudi yenyewe ni kubwa, karibu watu saba kati ya kumi hurudi bila kupasuliwa. Na alisema kwamba alama zisiposogea, ikifika mwezi wa tatu au wa nne, hatutaongeza vitamini, tutakwenda kwa mpasuaji.

Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yangu. Nilikuwa nimeisikiliza kwa sikio moja, jingine likiwa kwenye karatasi ya famasi.

Ngojangoja

Kiswahili kina methali ya kila mtu. Subira huvuta heri. Ngojangoja huumiza matumbo. Nilipokuwa shule niliona ni uzembe wa wahenga kutuachia mbili zinazogombana. Sasa naona waliwahi kuumia neva.

Maana kuna neva ya kusubiriwa na kuna neva isiyosubiriwa. Mwaka 1943 Herbert Seddon, mpasuaji Mwingereza, alizipanga katika madaraja matatu. Kuna iliyopata mshtuko tu, uzi wake mzima, inarudi kwa siku au wiki. Kuna ambayo nyuzi zimekatika lakini mabomba yake yamebaki, kama yangu, inarudi milimita kwa milimita. Na kuna iliyokatika yote, nyuzi na mabomba. Hiyo uzi wake ukitoka haukuti njia, unajiviringa kovuni kama mpira wa uzi. Hiyo inataka kushonwa, mapema, na kila mwezi unaopita unapunguza kile kitakachorudi.

Kwa nje, siku ya kwanza, zote tatu zinafanana. Kiganja kimelegea, ngozi ganzi.

Ndiyo maana sina tena ugomvi na kidonge chenyewe. Vitamini kwa kiasi cha kawaida haimdhuru mtu. Ninachokiogopa ni jinsi kinavyoujaza muda. Mtu mwenye dawa mkononi anajiona yuko kwenye matibabu. Hapigi simu. Haulizi. Asubuhi anameza, jioni anameza, na kila kidonge kinamwambia jambo linashughulikiwa. Miezi inapita kimya kimya, na kule mwisho wa njia msuli unafunga mlango wake.

Mimi nilikuwa na bahati ya kuwa upande wa subira. Sikustahili bahati hiyo kwa ujuzi wowote. Nilivaa banzi ili kiganja kisining'inie, nilinyoosha vidole kwa mkono mwingine mara kadhaa kwa siku ili visikakamae (neva ikirudi ikute viungo vilivyokauka kama ubao, itafanya nini?), na nukta zilisogea. Wiki mbili zilizopita, nikiwa nimekunja kiwiko, ule msuli wa juu ya mkono wa mbele ulituna. Kidogo, kama panya amepita chini ya shuka. Nikamwita kila aliyekuwa ndani aje aone. Hakuna aliyeona kitu ila mimi.

Kiganja bado hakijainuka.

Ujumbe

Juzi usiku, nikiwa nimeshazima taa, simu ikawaka. Ni mtu tuliyesoma pamoja, hatujaandikiana kwa miaka. Mdogo wake alijikata na kioo kwenye kifundo cha mkono. Vidole viwili vya mwisho ganzi, na sasa ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada imebonyea.

"Nasikia na wewe ulipata shida ya neva. Ulitumia dawa gani?"

Nikaanza kuandika. Nimeandika *vitamini B*, nikaandika *pregabalini ya usiku*, nikaandika hata kiasi. Vidole vilijua njia vyenyewe. Kisha nikafuta yote.

"Alijikata lini?"

"Kama miezi mitano."

"Waliposhona, kuna aliyeiangalia neva?"

Alichelewa kujibu. Nikaona anaandika, anaacha, anaandika.

"Walishona ngozi. Akapewa vidonge vya mishipa, akaambiwa awe na subira. Anavimeza vizuri, hajaruka hata siku moja."

Nikakaa kitandani. Kwa mwanga wa simu niliiona nukta ya mwisho, sasa imekaribia kiwiko. Nikahesabu: kutoka kifundoni hadi kwenye ile nyama iliyobonyea ni kama sentimita kumi, miezi mitatu na ushee, kuanzia siku atakaposhonwa. Mitano imeshakwenda. Nafasi bado ipo, ila si ya kulala nayo hadi asubuhi.

Nikampigia.